Fundi Bati na Watoto Waliokimbia Upepo

Ninyi vijana mliojiandikisha kwenda kukaa na watoto msimu huu wa mvua, vumilieni niwachoshe kidogo. Mratibu wenu aliniomba nije kusema nanyi ana kwa ana, kisha akabadili mawazo, akasema ni heri niandike, kwa sababu nikishasimama mbele ya watu kukaa chini huwa sijui. Sikubisha. Mke wangu alicheka sana aliposikia, nami nikanunua kalamu.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi bati, na si mwalimu wala mganga wala mtu wa semina. Nimeezeka nyumba kuanzia Kibondo hadi Kasulu, na huko vijijini katikati ambako gari hufika likitaka lenyewe. Ukipita barabara ile ukaona paa limenyooka, nisifu. Ukiliona limepinda, jua ni kazi ya mmoja wa wanafunzi wangu. Siku hizi magoti hayapandi tena ngazi, lakini kwa watoto bado naitwa, na wao hawaniiti kwa jina nililobatizwa. Mimi kwao ni Babu Nyundo.

Najua mnajiuliza fundi bati anahusika vipi na kuwafariji watoto. Hata mimi nilijiuliza.

Upepo ulipita jioni moja, pamoja na mvua ya mawe, kwenye kijiji kimoja upande wa Titye. Haukuua mtu, tumshukuru Mungu, lakini ulivua mapaa kama mtu anavyovua kofia. Mabati tuliyakuta kwenye mashamba ya mihogo yamekunjwa hovyo, moja limekwama juu ya mti na misumari yake yote. Familia zilizokosa paa zikahamia ukumbi wa kanisa. Ukumbi wenyewe ulikuwa na mabati yaliyolegea upande mmoja, ndipo nikaitwa niyapigilie kabla mvua haijarudi.

Nikapanda na nyundo yangu bila kuuliza chochote. Msumari wa kwanza, pa! Chini yangu kelele zikalipuka hadi nikadhani nyoka ameingia. Nikachungulia. Watoto walikuwa wanatoka mlangoni wanakanyagana, wengine wanalia, wengine wamejifunika vichwa kwa mikono. Na katikati yao binti mmoja amesimama, mikono kiunoni, ananitazama kwa macho ambayo hata mama yangu hakuwahi kunitazama nayo.

Huyo alikuwa Jenista, mzaliwa wa Kibondo, aliyejitolea kuwashughulikia watoto pale ukumbini. Umri wake ni mdogo kuliko wa binti yangu wa mwisho. Ndiye aliyenifundisha kazi hii.

"Babu," akaniita kutoka chini, "unajua mara ya mwisho hawa watoto kusikia kishindo juu ya vichwa vyao, kilifuata nini?"

"Sasa nifanyeje, binti yangu? Nipigilie kwa mdomo?"

"Piga na nyundo yako. Ila waambie kabla hujapiga."

Nilinuna. Ningekuwa na chai ningeimwaga. Lakini nikashuka hadi ukingoni mwa paa, nikatoa kichwa, nikawaambia watoto kwamba mimi ni fundi, hii ni nyundo, na nitapiga msumari mmoja pale juu ya dirisha la pili. "Napiga!" nikasema, nikapiga. Hawakukimbia. Wa pili nikasema tena. Wa tatu, sauti moja kutoka chini ikajibu, "Piga!" Kufikia katikati ya bati walikuwa wanaitikia wote kwa nguvu, na nikichelewa wananigombeza. Sijawahi kufanya kazi polepole kama siku ile, wala sijawahi kuifurahia hivyo.

Basi shikeni hilo. Mtoto aliyepatwa na kishindo bila taarifa, mpe taarifa ya kila kitu. Unataka kumshika mkono, mwambie. Unataka kuzima taa, mwambie. Unaondoka kwenda kununua vocha, mwambie na umwambie unarudi lini, kisha urudi. Mkidhani hili ni jambo dogo mtakuja kuniambia.

Nilipomaliza paa nilikusanya vyombo niondoke, Jenista akaniuliza kesho nakuja saa ngapi. Nikamwambia kazi imeisha. Akasema yake ndiyo kwanza inaanza, na watoto wameshaniuliza. Hivyo ndivyo nilivyoandikishwa, bila fomu na bila fulana yenye maandishi mgongoni kama hizo mlizopewa ninyi.

Sasa niwaambie kosa letu la kwanza, maana ni kosa ambalo Muha peke yake anaweza kulifanya. Mnajua wenyewe jinsi tunavyosalimiana. Watu wa Dar es Salaam hututania kwamba Muha akianza kumsalimu abiria mwenzake hapa Kasulu, watamaliza wakifika Kibondo. Mkutane njiani, mpige makofi ya heshima, muulizane mmeamkaje, watoto wameamkaje, nyumba imeamkaje, ng'ombe, shamba, jirani, na ukimaliza mwenzako naye anaanza upya. Tumelelewa hivyo na ukimkatia mtu salamu umemtukana.

Tukaingia ukumbini asubuhi ile, mimi na Jenista na wengine, tukawasalimu watoto kwa heshima zote, kama watu wazima. Bwakeye, umeamkaje? Vizuri. Mama ameamkaje? Vizuri. Nyumbani je, nyumba imeamkaje? Hapo mtoto hana nyumba. Anakutazama. Mdomo unaanza kucheza, kisha analia, na wa pembeni yake analia kwa kumsikia. Kufika saa ya uji tulikuwa tumeuliza ukumbi mzima. Tulijitahidi kwa adabu zetu zote, na kila mtoto alikuwa analia.

Tukakaa kikao. Ikaamuliwa kuanzia kesho ni "hujambo" tu, basi. Kesho yake tukafanya hivyo, watoto wakanywea zaidi. Mwanamke mmoja akaja kwetu na uso wa wasiwasi, akasema mwanawe anauliza kama kuna msiba mwingine unafichwa, maana wakubwa wote wamekata salamu.

Aliyetutoa hapo ni Mama Kezia. Yeye ndiye alikuwa mpishi pale kanisani. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni, sasa ni raia, ana shamba na ana wajukuu. Utoto wake wote aliupitisha akihamishwa huku na huku, kwa hiyo mambo haya alikuwa anayajua kwa mwili wake. Alikuwa anakoroga uji, hata hakuinua kichwa.

"Oya, ninyi nanyi," akasema. "Salamu msiipunguze. Muulizeni alicho nacho."

Akatuonyesha. Akamwita mtoto mmoja, akampigia makofi ya heshima, akaanza. Bwakeye! Blanketi lako limeamkaje? Limeamka vizuri. Na bakuli lako? Lipo. Jirani yako wa mkekani, yule anayepiga mateke, ameamkaje? Mtoto akacheka. Na hicho kidole chako chenye jeraha, kimelala? Mtoto akakitazama kidole chake, akasema hakikulala vizuri. Na tangu siku ile salamu zikarudi kuwa ndefu kama zamani, na watoto wakatushinda. Wakaanza kuniuliza nyundo yangu imeamkaje, misumari yake haijambo, na mguu wa ngazi uliopasuka unaendeleaje.

Kuhusu biskuti na pipi, naomba msizifanye msingi wa kazi. Kuna wenzenu walikuja na maboksi, wakagawa, wakapiga picha, wakaondoka, na jioni ile tulikuwa na kazi kubwa ya kuamua ugomvi kuliko siku nyingine zote. Na hizo simu zenu, mkimwelekezea mtoto anayelia, mimi nitakuja mwenyewe na magoti yangu haya niwanyang'anye. Nasema kweli.

Kazi inasaidia kuliko pipi. Nyumba zilipoanza kuezekwa upya nilihitaji vizibo vya soda. Ninyi mnaotumia misumari ya kisasa yenye mpira wake hamjui. Sisi chini ya kichwa cha msumari tuliweka kizibo kilichogongwa kikawa bapa, na kipande cha mpira wa tairi, ili maji yasipenye na bati lisichanike upepo ukilivuta. Nikawaambia watoto nataka vizibo. Walizunguka kijiji kizima. Wakaleta vilivyofukiwa ardhini tangu harusi za zamani, wakavisugua kwa mchanga, wakavipanga kwa rangi. Kisha nikawaonyesha hivi ni vya nyumba ya kina fulani, hivi ni vya kina fulani. Mpaka leo ukiwauliza watakuonyesha kizibo chao kwa kidole kutoka barabarani, ingawa kutoka barabarani hakionekani.

Basi karibu watoto wote walianza kupata nafuu. Wakalala, wakala, wakagombana, ambayo ni dalili nzuri. Isipokuwa mmoja.

Huyo aliitwa Onesta, alikuwa darasa la pili. Onesta hakukubali kukanyaga ndani ya ukumbi. Mchana alishinda kwenye jiko la Mama Kezia, banda la nyasi lisilo na kuta, na jua likizama alibebwa na baba yake kwa nguvu kuingizwa ndani, naye alipiga kelele hadi sauti ikakauka. Siku mbili tatu baba akachoka, akamwachia alale jikoni karibu na mafiga, mama yake akilala naye kumkinga. Mama huyo alikuwa na mtoto mchanga. Baridi ya huku mnaijua. Yule mchanga akaanza kukohoa.

Baba yake, Gervasi, si mtu mbaya, nisije nikamchafua. Alikuwa mtu aliyefika mwisho wa akili zake. Akanijia nikiwa napanga mabati, akasema ameamua. Siku ya soko kuna lori linakwenda Manyovu, atampeleka Onesta kwa shangazi yake mpakani. Shangazi ana nyumba ya nyasi, pengine huko atalala.

"Atakaa huko mpaka lini?" nikamuuliza.

"Mpaka atakapoacha ukaidi."

"Na mama yake amesemaje?"

Mama yake nilikuwa nimemwona asubuhi ile, anafua nguo huku machozi yanadondoka kwenye beseni, na Onesta amesimama nyuma yake amemshika gauni. Roho iliniuma, siwezi kusema vinginevyo. Mtoto alikuwa amepoteza nyumba, sasa anakwenda kupoteza na mama, na siku ya soko ilikuwa karibu.

Nikaamua nitamponya mimi, kwa ufundi. Nikamwita Onesta nikamweleza paa la ukumbi lilivyokaa, kenchi hizi zinazobeba paa ni za mbao ngumu, papi hizi za kupigilia bati nimezibadilisha, misumari hii ni mirefu. Nikaeleza vizuri sana, mtu angeweza kunipa cheti. Akasikiliza kwa adabu. Nikamshika mkono tuingie. Akaning'ata. Alama ilikaa wiki nzima, na mke wangu aliitilia dawa huku anacheka.

Jenista hakucheka. Alisema, "Babu, tumemweleza yote tunayoyajua sisi. Nani amemuuliza anachokijua yeye?"

Ni kweli, hakuna aliyemuuliza. Kila mtu alikuwa na uhakika kwamba mtoto anaogopa paa lisimwangukie. Ilikuwa wazi mno kiasi cha kutouliza.

Kesho yake nikaenda jikoni, nikakaa kwenye kigoda, Mama Kezia akanisukumia ungo wa maharage niyachambue na Onesta. Nawashauri sana maharage. Mkono ukiwa na kazi na macho yameinama, mdomo huwa mwepesi. Nilichambua vibaya, macho yangu hayaoni vijiwe, na Onesta akawa anarudia kazi yangu akiguna kama mama mkwe. Sikusema neno kwa muda mrefu, jambo ambalo mratibu wenu hataamini.

Kisha nikamuuliza. "Onesta, hivi ukiingia mle ukumbini, unaona nini kitatokea?"

"Litaruka."

"Paa?"

"Ego, ndilo."

"Lile nimelipigilia mwenyewe."

"Hata la baba lilipigiliwa." Akatoa kijiwe, akakitupa. "Mimi ndiye nililirusha."

Nikaacha kuchambua. Akanieleza bila kulia, kama mtu anayesoma somo alilolikariri. Siku ile maharage yalikuwa yameanikwa uani. Wingu lilipokuja mama yake, aliyekuwa jikoni na mtoto mchanga, akampigia kelele ayaingize ndani na afunge mlango. Akayakusanya kwenye ungo, akakimbia nayo ndani. Mikono ilijaa. Mlango hakuufunga. Upepo ukaingia nyuma yake, akausikia ukipita juu ya kichwa chake, ukaenda juu, na paa likaondoka. Akaona mawingu mahali palipokuwa na bati.

"Nikiingia kwa watu na upepo utaingia," akasema. "Mle kuna watoto wadogo."

Jamani. Siku zote zile tulimwona mwoga. Kumbe alikuwa anatulinda sisi.

Mama Kezia akaacha mwiko ndani ya sufuria. "Mwana wanje," akasema, "mwanangu."

Mnasubiri niwaambie kwamba nilimkumbatia nikamwambia si kweli, mlango hauhusiani na paa. Hapo ndipo kazi yenu itakapowashinda siku moja, kwa hiyo sikilizeni. Mimi ni fundi. Upepo ukiingia kwa mlango ulio wazi na ukakosa pa kutokea, unasukuma paa kutoka chini. Ndivyo ilivyo. Na Jenista alishatukataza kumdanganya mtoto hata kwa jambo jema, kwa sababu akikugundua mara moja hutamfariji tena. Na huyu angenigundua, maana aliuona upepo ule kwa macho yake.

Nikamwambia Onesta, "Umenieleza jambo zito. Sitakujibu haraka. Nitarudi baada ya uji." Nikaenda kumtafuta Jenista, nikamweleza yote.

"Babu, ni kweli mlango unaweza?" akauliza.

"Unasaidia. Lakini paa likifungwa vizuri ukutani kwa waya, mlango ukiwa wazi litapiga kelele tu. Na lisipofungwa, kwa upepo ule lingekwenda hata kama mlango umefungwa na kufuli."

"Una uhakika?"

"Kama ninavyojua jina langu."

Akafikiri. "Basi tusimwambie. Sisi ni wakubwa, wakubwa husema mambo ili mtoto anyamaze. Aende akaone mwenyewe. Aulize nyumba kwa nyumba."

Nilimtazama binti yule nikasema moyoni hii ndiyo akili. Baada ya uji tukamwambia Onesta: upepo uliingia kijiji kizima. Tunataka kujua ni milango gani ilikuwa wazi na ni ipi ilifungwa, na wapi paa limebaki. Wewe utauliza, mimi nitakufuata na fimbo yangu. Akakubali haraka, kwa sababu kazi ile ilikuwa nje, chini ya mbingu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bibi Bertha, mjane anayeishi peke yake, na siku ile alikuwa amerudi kufagia kifusi. Onesta akachuchumaa, akapiga makofi polepole, akamsalimu salamu nzima kama alivyofundishwa na mama yake, bila kuruka kitu. Ilipofika zamu ya nyumba akauliza, "Na nyumba, bibi, siku ya upepo mlango wake ulikuwa wazi?"

"Wazi?" Bibi Bertha akashangaa. "Mimi ninayeogopa wezi? Nilitia komeo, nikasukuma na kinu nyuma yake. Paa likaenda bondeni, mlango ukabaki umefungwa. Ilibidi majirani waruke ukuta kuja kunitoa!" Akacheka hadi akashika mbavu.

Onesta hakucheka. Alikwenda akaugusa mlango ule, akalitazama komeo, akatazama juu.

Nyumba iliyofuata, mlango ulifungwa na madirisha pia, paa halipo. Iliyofuata, hali ileile. Mwenye nyumba alituonyesha kipande cha ukuta kilichong'oka na kenchi. Kila mahali Onesta alisalimu, akauliza, akaugusa mlango. Nilitaka sana kusema. Nilijiuma ulimi.

Kisha tukafika kwa katekista. Nyumba yake ilikuwa mpya, hata mlango haijawekewa, pamening'inizwa gunia tu. Na paa lipo. Lote. Onesta akasimama mbele ya lile gunia muda mrefu. Akalifunua, akalirudisha. Akamsalimu katekista vibaya kwa mara ya kwanza siku ile, yaani kwa haraka.

"Upepo haukuingia?"

"Uliingia sana, mwanangu. Ulinirushia hadi sahani. Paa lilipiga kelele, nikasema leo nakufa."

Onesta akaingia ndani. Sikumwambia aingie. Aliingia mwenyewe, hatua chache, akiangalia juu, na akaona mahali kenchi inapokutana na ukuta. "Babu, ile ni nini?"

"Waya. Umezungushwa kwenye kenchi ukashuka ukafungwa ndani ya tofali."

"Yetu ilikuwa nayo?"

"Sijui," nikasema, na kweli sikujua, kwa sababu nyumba yao sikuiezeka mimi. "Mwenye nyumba ndiye anayejua."

Gervasi alikuwa juu ya ukuta wake, anang'oa misumari mibovu. Onesta akachuchumaa kule chini, akampigia makofi baba yake. Gervasi akashangaa, mtoto hamsalimu baba yake hivyo mchana kweupe. Lakini akaitikia. Baba umeshindaje? Salama. Mikono yako? Salama. Na nyumba, baba, kenchi zake zilifungwa waya?

Nyundo ya Gervasi ikasimama. Alinitazama mimi kwanza, akidhani nimemtuma mtoto kumwaibisha. Nikatikisa kichwa. Akamtazama bintiye.

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu mlango niliuacha wazi mimi," akasema Onesta. "Nilikuwa na maharage."

Sijui aliteremkaje ukuta ule, ngazi ilikuwa upande wa pili. Alimchuchumalia, akamshika mabega. "Hiyo ndiyo sababu huingii ndani?" Akaitikia kwa kichwa. Gervasi akakaa chini kabisa, kwenye vumbi. Akamwambia kwamba waya hazikuwapo. Alipanga kuzifunga baada ya mavuno, mavuno yakapita, akapanga tena. "Nyumba niliifunga vibaya mimi baba yako," akasema. "Wewe uliingiza maharage. Tumekula hayo maharage mpaka leo, au siyo?" Ndipo Onesta akalia. Kilio cha kawaida cha mtoto, cha kamasi na mabega, akiwa kifuani kwa baba yake. Mimi nikageuka nikaanza kukagua mabati ambayo nilishayakagua.

Lori la Manyovu lilikwenda na mizigo yake. Shangazi alipelekewa salamu tu.

Paa la kina Onesta tulilipandisha wiki ile. Kila waya niliokunja, alitaka aone, na mbili tatu za mwisho alizikaza mwenyewe kwa koleo, amesimama mabegani kwa baba yake, ametoa ulimi nje kwa bidii. Mlango tukautia bawaba mpya. Mama yake akaingiza vyombo, mkeka, mtoto mchanga aliyekwisha pona kikohozi. Onesta akabeba vitu hadi kizingitini, akimkabidhi mama yake aliye ndani. Kuingia bado. Hakuna aliyemwambia kitu. Tulikuwa tumejifunza.

Alasiri wingu likaja kutoka upande wa milima. Nilikuwa uani nakusanya vyombo vyangu. Upepo ukatangulia, kama kawaida yake, ukapeperusha majani na vumbi, kisha matone makubwa. Gervasi alikuwa ndani na mkewe. Onesta alikuwa nje, amesimama mbele ya mlango, akiutazama upepo ukiingia ndani ya nyumba ukipita pembeni yake. Paa likaguta. Likaguta tena. Nami nilisimama pale na nyundo mkononi, mvua inaninyeshea, nawaambieni ukweli sijawahi kusali kwa ajili ya bati kama nilivyosali siku ile.

Akaingia, akafunga mlango.

Nikabaki uani kama mjinga, natabasamu peke yangu, maji yanatiririka shingoni. Mvua ikakaza, bati likapiga kelele, na ndani sikusikia kilio. Mara mlango ukafunguliwa. Ukafunguliwa wote, mpaka ukagonga ukuta, na upepo ukaingia na mvua yake. Mama akapiga kelele kutoka ndani, "Onesta! Baridi! Mtoto!"

Onesta alikuwa ameushikilia mlango kwa mikono miwili usijifunge.

"Ngoja, mama," akasema. "Babu, unalowa bure huko. Njoo ndani."

Aliushikilia mpaka nikapita.